Kujitolea kwenye Shule ya Yatima: Mambo ya Kujua Kabla Hujaingia Darasani



Kila mwaka, sherehe za kolasio zikiisha na kila mtu akirudi nyumbani na diploma yake kwenye bahasha, napokea ujumbe wa aina moja: "Yaya, nimemaliza, kazi hakuna. Kuna shule ya yatima inatafuta walimu wa kujitolea. Niende ao nisiende?"

Mimi nimefundisha darasa la tano kwa miaka miwili kwenye shule ya aina hiyo hapa Baraka, shule inayoishi kwa msaada wa wafadhili walio mbali. Jina lake siliandiki, juu mambo nitakayoyaeleza si ya shule hiyo peke yake. Jibu langu fupi ni hili: nenda, lakini kuna vitu vya kujua na maswali ya kuuliza kwanza. Jibu refu liko hapa chini.

Kitu kimoja tukiweke wazi mapema. Tukisikia "mtu wa kujitolea", wengi tunamwona mzungu na begi mgongoni, amekuja wiki tatu na kamera. Hao wako, lakini Fizi ni wachache. Hapa kwetu mwenye kujitolea ni wewe na mimi: kijana aliyemaliza pedagojia, haki, agronomia ao uuguzi, anayengoja kazi na hataki kukaa bure. Kwa hiyo yale ambayo dunia inajadili kuhusu kujitolea na watoto yanatuhusu sisi pia, tena sisi wa kwanza.

1. Yatima ni nani hasa?

UNICEF inamhesabu kama yatima kila mtoto aliye chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja ao wote wawili. Soma tena: mmoja ao wote wawili. Mtoto ambaye baba yake amekufa, na mama yake anauza ndagala sokoni kila asubuhi, naye yumo ndani ya hesabu hiyo. Mfadhili aliye mbali akisikia neno "yatima" anafikiria mtoto asiye na mtu duniani. Darasani mwangu watoto wa namna hiyo walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa na mama, ao baba. Waliobaki walikuwa kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa dada aliyeolewa.

Hivyo ndivyo jamii zetu zinavyofanya kazi. Mazishi yakiisha, wazee wanakaa na kugawana watoto: huyu atakwenda Mboko kwa mjomba, hawa wawili watabaki na bibi, mdogo atanyonyeshwa kwa mama mdogo. Mtoto anapata pa kulala na sahani ya bugali na sombe. Kinachokosekana ni kile kinachoombwa kwa franga: daftari, biki, unifomu, viatu, minervali. Bibi mwenye wajukuu watano na shamba moja la mihogo lazima achague. Na akichagua, mtoto wa kufikia ndiye anayebaki nyumbani kuchota maji ziwani na kulinda wadogo. Akiwa msichana, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo shule nzuri ya yatima inabeba ule mzigo ambao familia imeshindwa, na mtoto jioni anarudi kwa bibi yake. Hii ni tofauti kubwa na kituo ambacho watoto wanalala humo humo mwaka mzima. Kabla hujakubali, uliza: watoto hawa wanalala wapi?

Swali hilo lina uzito wake. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo ya malezi ya watoto wasio na wazazi, na miongozo hiyo inasema familia ije kwanza, kituo kiwe njia ya mwisho, hasa kwa watoto chini ya miaka mitatu. Sheria yetu ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inataka mtoto aliye kwenye shida awekwe na msaidizi wa kijamii wa serikali, kwenye familia ao kwenye taasisi yenye kibali, na maslahi ya mtoto yawe mbele. Mchungaji hawezi tu kukusanya watoto nyumbani kwake, akabandika kibao, akaanza kuandikia Ulaya. Kenya nao, kwa mkakati wao wa 2022 hadi 2032, wamejipa miaka kumi ya kutoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha kwenye familia.

Sababu si siasa tu. Utafiti mmoja unaojulikana sana ulianza Bucharest, Romania, mwaka 2000, kwa watoto 136 waliokuwa wanalelewa kwenye vituo. Nusu walipelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakabaki kwenye malezi ya kawaida ya wakati ule. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa kushikamana na watu, hasa waliotoka mapema. Chakula na kitanda kituo kinaweza kutoa. Mtu mmoja anayekujua kwa jina lako miaka yote, hicho kituo kinashindwa kutoa.

2. Kwa nini wako wengi Fizi

Mtu asiyejua historia ya teritwari yetu atafikiri watoto hawa wametoka hewani. Mwaka 1964 yalikuwa maasi ya Simba, na 1965 Che Guevara mwenyewe alifika kupigana kwenye milima hii. Baadaye Laurent-Désiré Kabila akabaki na makiki ya PRP kwa miaka mingi. Ikaja vita ya 1996, halafu ya 1998, na kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 yakatokea mauaji ya Makobola, ambayo yameandikwa kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma, wakaishi Nyarugusu na Lugufu. Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengine walirudi na watoto ambao hawakuwahi kuona Kongo. Mwaka 2015 tukapokea wakimbizi wa Burundi kwenye kambi ya Lusenda. Na mapigano ya milimani hayajaacha kushusha deplase mpaka kando ya ziwa.

Lakini vita si sababu pekee. Kuna kipindupindu, ambacho hakitoki kando ya ziwa letu kwa sababu ziwa hilo hilo ndilo tunaloga, tunalofulia na kulinywa. Kuna malaria. Kuna mama anayekufa akijifungua kwa sababu barabara ya kwenda hospitali imekatika kwa mvua. Kuna mtumbwi uliopinduka usiku watu wakivua ndagala. Kuna baba aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi asirudi.

Nayaeleza haya kwa sababu moja ya kazi. Kwenye benchi moja unaweza kukuta mtoto Mbembe, Munyamulenge, Mfuliiru na mtoto wa mkimbizi Mrundi. Kila mmoja ana jibu lake kuhusu nani aliyeua nani. Usiwaulize mbele ya wenzao wazazi walikufaje. Usitoe insha ya "Siku ambayo sitaisahau" kwa kutaka kujua. Mtoto akitaka kusema, atachagua mwenyewe siku na mtu wa kumwambia. Wewe uwe tu mtu ambaye anaweza kuchaguliwa.

3. Feza zinatoka wapi, na zinakatika vipi

Hapa ndipo wasomi wengi wanaingia bila kuuliza, na hapa ndipo shule zinapofia.

Shule za msaada zinaishi kwa njia tatu. Ya kwanza ni udhamini: mtu aliye mbali anamlipia mtoto mmoja, anatumiwa picha na barua. Ya pili ni mradi: shirika linatoa feza kwa mwaka mmoja, miwili ao mitatu, kwa bajeti iliyoandikwa. Ya tatu ni watu wetu wenyewe: waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani, Kanada ao Australia, wanachanga kanisani ao kwenye mutuelle yao na kutuma nyumbani.

Kila njia ina namna yake ya kukatika. Udhamini unakatika mtoto mmoja mmoja: mfadhili amepoteza kazi, na mtoto wa darasa la nne hajui kwa nini jina lake limetoka kwenye orodha. Mradi unakatika siku moja kwa wote. Mchango wa diaspora unakatika polepole, kwa ugomvi: nani alipokea, nani alikula, kwa nini paa halijaisha.

Angalia pia feza inapenda kwenda wapi. Jengo linapigwa picha. Unifomu mpya zinapigwa picha. Mshahara wa mwalimu haupigwi picha. Ndiyo maana utakuta shule yenye madarasa sita ya tofali za kuchoma, na bango zuri kwenye mlango, lakini walimu hawajapokea kitu tangu Pasaka. Na mshahara ndio gharama kubwa kuliko zote, tena ndio inayorudi kila mwezi bila kuchoka.

Kuna mtu atauliza: si shule ya msingi imekuwa bure? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema hivyo, na Septemba 2019 serikali ikaanza kutekeleza. Bure hiyo ni ya shule za umma, pamoja na zile za makanisa zilizo chini ya mkataba na serikali. Shule ya binafsi ya msaada haimo. Ili iingie, inabidi ipate kibali cha wizara, kisha iwe "mekanize", maana yake walimu wake waandikwe kwenye orodha ya mishahara ya serikali, ile ya SECOPE ya zamani. Hata ndani ya shule za umma wako walimu wengi ambao bado ni N.U., wapya wasiolipwa, wanafundisha miaka wakingoja matrikule. Kumbuka pia kwamba bure ilileta watoto wengi kwenye madarasa yale yale. Ndiyo sababu bibi bado anapiga hodi kwenye shule ya msaada hata baada ya 2019.

Na misaada ya nje haina mkataba na njaa yetu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa sahihi moja, na mashirika mengi hapa Mashariki yakafunga kazi ao yakapunguza watu. Shule ndogo ambayo haijawahi kupokea dola hata moja ya serikali ya Marekani nayo iliguswa, juu baba mlezi wa mtoto alikuwa mlinzi kwenye shirika, na sasa hana kazi.

Nilipokuwa ninafundisha, feza ya mfadhili ilikatika katikati ya mwaka. Hapakuwa na barua. Ujumbe uliacha tu kujibiwa. Walimu wanane tukawa watano, kisha wanne. Direkta angeweza kufunga, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifanya kitu ambacho sikutegemea: aliita walezi wote, wengi wao wakiwa bibi na mama wajane, akaweka daftari la hesabu mezani, akasoma kwa sauti kilichoingia na kilichotoka. Kukawa kimya kirefu. Kisha bibi mmoja akasimama akasema: "Siye hatuna feza, lakini mihogo iko. Mwalimu hawezi kufundisha na njaa." Tokea siku hiyo kila familia ilileta kidogo kwa zamu: unga, ndagala, kuni, sabuni. Watoto wa darasa la sita walifika mpaka kwenye mtihani wa kitaifa, ule ambao wengi bado tunauita TENAFEP.

Sisemi kwamba unga unaendesha shule. Mwaka uliofuata darasa la kwanza halikufunguliwa, na watoto waliokuwa waanze hapo walikaa nyumbani. Ninachosema ni kwamba shule ilisimama muda ule kwa sababu walezi waliona hesabu. Walikuwa wameitwa mara nyingi kupiga picha. Ile ilikuwa mara ya kwanza wanaitwa kujua. Basi swali la pili la kuuliza kabla ya kuingia: je, walezi wa watoto hawa wanajua feza ya shule inatoka wapi na inatosha mpaka lini?

4. Watoto wanahesabu walimu

Wiki yangu ya pili, mtoto mmoja aliniuliza wakati wa mapumziko, bila hasira wala huzuni, kama mtu anayeuliza saa: "Mwalimu, na weye utaenda siku gani?" Kisha akanitajia walimu waliotangulia, kwa majina, na kila mmoja alikaa muda gani. Alikuwa na hesabu yote kichwani.

Mtoto aliyefiwa amekwisha kujifunza somo moja gumu: watu wanaondoka bila kukuambia. Kila mwalimu wa kujitolea anayekuja na vicheko, akakaa miezi miwili, akapata kazi Uvira na kutoweka, anarudia somo lile lile. Ndiyo maana mwezi wa Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, likizungumzia watoto wasio na malezi ya wazazi, lilitaja pia hatari za programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima na kutaka nchi zichukue hatua. Walikuwa wanafikiria hasa watalii. Lakini mtoto hachagui kuumia kwa mzungu tu. Kwa kijana wa Fizi-Centre anaumia vile vile.

Utaona dalili mbili. Kuna mtoto atakayekushika mkono dakika ya kwanza na kukuita baba, ao mama, kabla hajajua jina lako. Watu wa nje wanafurahi na kusema "watoto hawa wana upendo sana". Ni vizuri ujue kwamba mtoto anayemkumbatia kila mgeni anaweza kuwa mtoto ambaye hana wa kwake wa kumkimbilia. Na kuna mwingine atakayekaa nyuma mwaka mzima, hakutazami, anangoja uondoke ili awe alisema kweli. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja: ufike saa ile ile, siku ile ile, useme jambo na ulitimize.

Kwa hiyo usiahidi miaka. Ahidi kitu chenye mwisho unaojulikana: mwaka mmoja wa shule, ao muhula mmoja, na kiandikwe. Siku ya kwanza waambie watoto: "Niko nanyi mpaka mwezi wa sita." Ukikaribia kuondoka, waambie mapema, angalau mwezi mzima, wajue ni nani anakuja nyuma yako, na huyo aingie darasani ukiwa bado upo. Aga mchana, mbele ya wote, usikimbie usiku na mtumbwi. Kuondoka vizuri nako ni kufundisha.

5. Kazi zinazosaidia kweli

Wengi wanafikiri kujitolea ni kucheza na watoto na kugawa biskuti. Tazama kwanza unajua nini, kisha utoe hicho.

Kama umesoma haki, kazi iko tele. Mtoto anatakiwa kuandikishwa kwa etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Zikipita, inabidi ipatikane hukumu ya mahakama ya kuchukua nafasi, na hapo kuna safari, karatasi na feza. Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, mama amekufa, karatasi zimelowa ndani ya mtumbwi. Bila cheti, atasumbuka kwenye mitihani, kwenye kadi ya uchaguzi baadaye, hata kudai shamba la baba yake ambalo baba wadogo wameanza kulima. Msomi mmoja wa haki anayeandaa mafaili ya watoto ishirini na kuyafuatilia amefanya zaidi ya magunia ya nguo.

Kama umesoma pedagojia, kaa na tatizo la lugha. Watoto wanaanza na Kiswahili, kisha Kifaransa kinaingia na kuwafunika. Wengi wanasoma sentensi ya Kifaransa kwa sauti nzuri bila kuelewa hata neno. Nusu saa ya kusoma kila siku, kwa makundi madogo kufuatana na uwezo na si umri, ilibadilisha darasa langu kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Mtoto aliyekosa shule miaka miwili juu ya vita si mjinga. Amekosa ngazi mbili, mpe ngazi hizo.

Kama wewe ni wa uuguzi ao afya ya jamii, anza na maji: ndoo yenye robine, klorini, sabuni kwenye mlango wa choo. Kwenye mji wa kipindupindu, hiyo ni somo na ni dawa. Wa agronomia aweke bustani ya mboga ambayo walezi wenyewe wataivuna. Wa uhasibu afungue daftari la hesabu ambalo bibi anaweza kusomewa akaelewa.

Na kila mmoja, hata awe wa fani gani, aende nyumbani kwa watoto. Tembea na mwalimu wa siku nyingi, salimia, kaa kwenye kigoda, kula kama umekaribishwa. Mtoto wangu mmoja alikuwa analala darasani kila siku ya Jumatatu. Walimu walidhani ni mvivu. Nilipofika kwao nikajua kwamba Jumapili usiku anamsaidia mama yake kutwanga mihogo ya soko la asubuhi. Tulihamisha hesabu kutoka Jumatatu saa ya kwanza kwenda Jumanne. Haikugharimu hata franga moja.

6. Mipaka

Picha: mtoto wa mwenzako si tangazo lako. Kabla ya kuweka uso wa mtoto kwenye simu yako na maneno "yatima wa Fizi wanateseka", jiulize kama ungekubali mtoto wa dada yako awekwe hivyo. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, atatafuta kazi, atachumbia, na picha ile itakuwa bado iko. Ikiwa shule inahitaji picha kwa mfadhili, mlezi aulizwe, mtoto aulizwe, na aonyeshwe akiwa anasoma, akiwa amevaa.

Zawadi: usimpe mmoja mbele ya wengine. Kama una kitu, kipitishe kwa direkta kiende kwa wote ao kwa mwenye shida bila kelele.

Usalama: usibaki peke yako na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, usimpeleke kwako kulala, usitumie msichana wa darasa la sita kukufulia nguo na kukupikia. Hata kama nia yako ni safi, unafungua njia ambayo mwingine mwenye nia mbaya ataipita. Shule inayokuchukua bila kukuuliza wewe ni nani, umetoka wapi, na nani anakujua, haijalinda watoto wake. Ukiona mwalimu ao mgeni anafanya lisilofaa, nyamaza si jibu. Mwambie direkta, asipofanya kitu, nenda kwa msaidizi wa kijamii wa serikali ao kwa polisi ya ulinzi wa mtoto.

7. Na weye utakula nini?

Tuseme ukweli, juu hapa ndipo watu wanaona haya. Mkono mtupu haulambwi. Kijana anayejitolea naye ana mama anayemtazama, ana wadogo wa kulipia, wengine wana mchumba na wazee wanaodai mahari. Kujitolea bila mpango kunaisha kwa kutoroka, na tumeona kutoroka kunamfanyia mtoto nini.

Kwa hiyo panga. Omba barua ya makubaliano: kazi gani, siku ngapi kwa wiki, tokea lini mpaka lini, nauli ao chakula kama kipo, na cheti cha kazi mwishoni. Siku tatu kwa wiki unazoweza kuzishika mwaka mzima ni bora kuliko sita utakazoziacha baada ya mwezi. Siku zinazobaki, tafuta: motari, duka la vokasi, shamba, masomo ya jioni kwa watoto wa wenye uwezo. Nilikuwa na likelemba na walimu watatu, kila mwezi mmoja wetu anachukua. Kidogo, lakini kilimaliza madeni ya sabuni.

Na ukiona shule ina feza, mkubwa ana gari, wageni wanakuja kila mwezi, lakini walimu wote ni wa "kujitolea" mwaka wa tatu huu, jua hapo jina limebadilishwa tu: hiyo ni kazi bila mshahara. Una haki ya kukataa.

Maswali ya kubeba mfukoni

Ukienda kuonana na direkta, beba haya:

- Watoto wanalala wapi, na walezi wao ni nani?
- Shule ina kibali cha wizara? Imefika wapi kwenye kuwa mekanize?
- Feza inatoka wapi, na inatosha mpaka mwezi gani?
- Walezi wanaonyeshwa hesabu?
- Mwalimu niliyekuja kuchukua nafasi yake aliondokaje, na watoto waliambiwa nini?
- Kuna kanuni iliyoandikwa ya kulinda watoto?
- Nikimaliza muda wangu, nani atashika darasa?

Direkta mzuri hatakasirika. Yule wangu alijibu matano, na mawili akasema "hilo bado hatujalifanya, utusaidie". Nilibaki kwa sababu ya jibu hilo.

Tunakaribia mwezi wa tisa, masomo yanaanza upya. Kama umepata shule na umeuliza maswali haya, chukua chaki. Kama umeuliza na majibu hayakukuridhisha, tafuta nyingine, ao kaa na watoto wa jirani yako wawili watatu chini ya mwembe na uwafundishe kusoma. Wako kila avenue ya mji huu, na kwa hiyo huhitaji ruhusa ya mfadhili yeyote.